Kwa mnaoanza kusoma kumbukumbu kwenye ubongo mchanga

Assalaam alaykum wadogo zangu. Wengi mnaniuliza muanzie wapi mkitaka kujua kumbukumbu inajengekaje kwenye ubongo ambao bado unakua, na nawaona wengi wanakimbilia kemia ya ubongo, wanazama humo mwezi mzima alafu wanatoka hawajui hata walikuwa wanatafuta nini. Anzeni na umri. Ukishika utafiti wowote wa panya, kabla hujatizama grafu hata moja, tafuta kitoto kilikuwa na siku ngapi tokea kizaliwe, mana huku siku mbili tatu zinageuza kila kitu.

Kitoto cha panya wa maabara kinafungua macho kwenye siku ya 14 au 15, na siku ya 21 hivi kinaachishwa ziwa. Sasa mambo makubwa yote yamebanana hapo. Mwaka 2010 timu mbili, moja ya Trondheim kule Norwei na moja ya London, zilitoa matokeo wakati mmoja na yakaelekeana kwa sehemu kubwa: mwanzo zinakuja seli za mwelekeo wa kichwa, zile ambazo panya akielekea upande fulani ndio zinapiga, yaani zinatoa mpigo wa umeme, alafu seli za mahali za kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na mahali na kumbukumbu, na seli za gridi, zile zinazopiga kwenye vituo vingi vilivyopangana kama wavu, zinachelewa zaidi, zinaanza kukaa sawa karibu na wiki ya tatu. Mpangilio huu ujueni kwa kichwa, utawasaidia kila mnachosoma.

Seli za mahali zenyewe zilielezwa na John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky mwaka 1971, na ukitaka kuzielewa mfikirie mtoto wa Mji Mkongwe anaetoka Darajani, anapita Mkunazini, anateremka mpaka Forodhani, seli moja inapiga akifika kwenye kona ya kwanza, inanyamaza, nyengine inapiga kichochoro cha pili, mpaka anafika. Lakini wengi wanaishia hapo wakadhani kumbukumbu wameshaipata, na hapana jamani! Seli kupiga mahali pake ni jambo moja, seli kupangana zikapiga kwa zamu moja baada ya nyengine ni jambo jengine kabisa. Panya mkubwa akipumzika au akilala, seli zilezile zinairudia njia kwa mpangilio uleule ila kwa kasi kubwa, mwendo wa sekunde kadhaa unarudiwa ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde moja, na huko kurudia ndiko wanasayansi wengi wanakokuhusisha na kukaa kwa kumbukumbu.

Kwa vitoto je? Mwaka 2019 Usman Farooq na George Dragoi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walionesha kwamba kwenye siku ya 15 na 16 seli zinaonesha kila mahali peke yake tu, mnyororo, yaani huko kupiga kwa zamu moja baada ya nyengine, hakuna. Kuanzia siku ya 17 hivi minyororo inaanza kujitokeza, hata kabla panya hajaipita njia yenyewe, kama kwamba ubongo umeshaandaa nyuzi zake. Na mpaka kwenye siku ya 23 na 24 ndio mnyororo unabadilika kwa kile panya alichokipitia. Hapo wallahi mie husisimka kila nikisoma, kwa sababu tokea mwaka 1962 ilishajulikana kwamba panya wa siku 18 anajifunza vizuri tu lakini baada ya wiki chache amesahau, wakati alofundishwa akiwa mkubwa bado anakumbuka. Sisemi moja ndio sababu ya nyengine, ila yasomeni pamoja.

Jengine la kuangalia ni hili la mwili. Kitoto ambacho hakijafungua macho kinajikokota tu, hakizunguki, sasa ukikosa kuona seli ya mahali jiulize ni ubongo haujawa tayari au ni miguu. Seli za mwelekeo zimeshaonekana hata kabla ya macho kufunguka, zinayumba lakini zinayumba pamoja, kwa hivyo macho sio yanayozianzisha. Alafu fuvu la kitoto ni dogo, hakiwezi kubeba kifaa kizito, mara nyingi seli zinazorekodiwa ni chache, na kwa seli chache mnyororo huuoni hata kama upo. Tizameni idadi ya seli kila mara.

Na jifunzeni kwa mkono. Chapisha grafu ya vidoti, kila mstari seli moja na kila kidoti mpigo mmoja kwa wakati wake, zipange kwa mahali zinapopiga, alafu weka rula. Vidoti vikishuka kwa mshazari, pana mnyororo. Baada ya hapo zichanganye seli ovyo mara nyingi kwa kompyuta uone mshazari kama ule unatokea mara ngapi kwa bahati tu, na ukiwa unatokea sana basi huna kitu, acha.

Msigeuze siku za panya kuwa miaka ya binadamu, haiendi hivyo. Na tafadhali msiwaambie watu mtoto mchanga kichwa chake kitupu. Sisi wakubwa wengi hatukumbuki ya kabla ya miaka mitatu, lakini mtoto huyo huyo anaijua sauti ya bibi yake, anajifunza mchana kutwa, kinachokosekana ni kuja kuyasimulia baadae.

Kukosa maabara ya kurekodi seli kusiwe sababu ya kukaa bure. Data za hipokampasi za panya wakubwa kutoka maabara ya mtafiti wa ubongo György Buzsáki zipo bure kwenye CRCNS, tovuti ya kugawana data za ubongo, unajisajili unashusha, laptop ya kawaida na Python, lugha ya kuandikia programu, zinatosha, tena shusha usiku mtandao ukiwa mwepesi na uwe unasevu kila hatua umeme usije ukakukatikia. Chukua faili la panya mmoja wa siku moja, umalize nalo ndio uende jengine.