Ukienda Monterey Bay Aquarium usikimbizane na matangi

Watu wengi wakiingia Monterey Bay Aquarium, jumba la kutazamia viumbe wa baharini kule California, Marekani, wanatoa simu, kila tangi picha mbili tatu, saa moja haijaisha wanaulizana tukale wapi. Mimi nimeenda zaidi ya mara moja na ushauri wangu ni huu, chagua vitu vichache ukae navyo, yaani ukae kabisa, hata kama watoto wanakuvuta mkono.

Anzia tangi la msitu wa mwani. Lina kimo cha mita 8 na ushee na juu liko wazi, jua linaingia lenyewe. Nenda wakati mzamiaji analisha samaki, wahi mapema kwa sababu panajaa, ana maiki kwenye barakoa kwa hiyo anaongea na nyie akiwa humo humo majini. Akimaliza watu wanatawanyika, wewe baki. Utaona mwani unayumba muda wote, kuna mashine inayasukuma maji maana mwani huu bila maji kutembea haupati virutubisho vizuri. Na maji yenyewe yanavutwa kutoka ghuba iliyo hapo nje, mchana wanayachuja ili muone, usiku wanayaacha yaingie hivyo hivyo na vijidudu vyake, na viumbe wa humo wanapata chakula. Mimi hapo ndo nilipendea hii sehemu.

Halafu fisi maji wa baharini. Jamani hawa, tafadhali msiishie kusema wazuri wazuri mkaondoka! Hana mafuta chini ya ngozi kama nyangumi, joto lake linatokana na manyoya na chakula, kwa hiyo anakula karibu robo ya uzito wake kila siku. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka California wakabaki wachache sana, leo wako kama 3,000 hivi. Sasa watoto wanaookotwa ufukweni bila mama, hapa wanapewa majike wanaoishi hapo wawalee, wanafundishwa kupasua kaa na chaza, wakikomaa wanarudishwa baharini. Wafanyakazi wakiwahudumia wanajifunika nguo nyeusi na kuficha uso ili mtoto asizoee watu, kwa sababu akizoea atakuwa anafuata boti na itamuua. Wale mnaowaona kwenye kioo ni ambao ilionekana hawawezi tena kuishi porini, muulize mhudumu historia ya kila mmoja, wanajibu kwa moyo kweli.

Na kazi hii haiishii kwa mnyama mmoja. Fisi maji anakula wale viumbe wa mviringo wenye miiba wanaoguguna mwani, akikosekana wao wanazidi na msitu mzima unaliwa.

Mengine kwa haraka, epuka wikiendi, zima flashi, kwenye dimbwi la kugusa viumbe kwa mkono tumia vidole viwili polepole. Mlangoni kuna matanki makubwa ya mvuke ya kiwanda cha sadini kilichokuwa hapo kabla aquarium haijafunguliwa 1984, wengi wanayapita tu. Yavuyavu, wale viumbe laini kama jeli wanaoelea, waache mwisho miguu ikichoka.

Ukitoka nyuma kwenye baraza unaweza kuwaona fisi maji wa porini wamelala chali kwenye mwani. Ukikodi kayaki ukae mbali nao, angalau mita 18, kila ukimshtua anapoteza nguvu alizozitafuta kwa shida. Akiinua kichwa akakuangalia ujue umesogea mno, rudi nyuma taratibu.