"Oversight": Uangalizi au Kupitiwa?

SWALI: Mwanangu aliomba basari katika ofisi moja hapa Kisumu, na orodha ilipotoka jina lake halikuwamo. Nilipouliza, nilipewa barua ya Kiingereza inayosema kwamba jina liliachwa "due to an oversight by the committee". Wiki hiyohiyo nikasikia redioni kwamba kamati za bunge la kaunti zina kazi ya "oversight". Je, neno moja laweza kuwa kazi ya kamati na papo hapo likawa kosa la kamati? Nami niijibu vipi barua hiyo?
Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Hukusoma vibaya, ndugu mzazi, na aliyeandika barua hiyo hakukosea Kiingereza chake. "Oversight" lina maana mbili zinazopingana: ni uangalizi, yaani kusimamia na kukagua kazi ya wengine, na pia ni kupitiwa, yaani kuacha jambo kwa kutoliona au kulisahau. Zote mbili zinatokana na kuona kwa kupitia juu, kwani anayetazama kutoka juu huweza kuona yote yaliyo chini yake, na huweza vilevile kurusha macho juu ya kitu asikione. Wajerumani nao wana kitenzi "übersehen", ambacho hubeba maana hizo hizo mbili.

Wala huu si mtindo wa juzi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, ina matumizi yote mawili. Katika Hesabu 3:32, Eleazari mwana wa Haruni anakabidhiwa "the oversight" ya walinzi wa patakatifu. Katika Mwanzo 43:12, Yakobo anawaagiza wanawe wairudishe Misri fedha waliyoikuta katika magunia yao, akisema huenda ilikuwa "an oversight".

Tazama hiyo "an", kwa maana ndiyo inayomaliza ubishi mara nyingi. Kosa huhesabika, kwa hiyo Mwingereza atasema "an oversight" au "two oversights". Uangalizi hauhesabiki, na kwa kawaida hufuatwa na "of" au "over" pamoja na kile kinachoangaliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hufuata utaratibu huo: kifungu cha 96(3) kinaipa Seneti "oversight over" mapato ya kitaifa yaliyogawiwa serikali za kaunti, na kifungu cha 185(3) kinaliruhusu bunge la kaunti kuiangalia kamati kuu ya kaunti. Anayeandika kwamba kazi ya bunge ni "an oversight" amesema kuwa kazi hiyo ilizuka kwa bahati mbaya; wapo walipa kodi watakaomuunga mkono, ila silo alilokusudia.

Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Aliyekuazima baiskeli amekupa, na wewe uliyeiazima kwake umepokea, wala hatugombani kwa sababu sentensi hutuonyesha nani katoa.

Sasa barua yako. Maofisi hulipenda neno hili kwa staha yake, kwa kuwa hukiri kosa na wakati huohuo hukana nia mbaya. Hata hivyo kukiri ni kukiri, nawe ushike hapo. Usijibu kwa Kiingereza ukitaja "your oversight of this matter", kwani maneno hayo yatasomwa kana kwamba unawashukuru kwa kulisimamia jambo. Andika kwa Kiswahili, ambacho kwa kifungu cha 7 cha Katiba ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi: "Katika barua yenu mmekiri kwamba jina la mwanangu liliachwa kwa kupitiwa. Naomba mnijulishe kwa maandishi litaingizwa lini katika orodha." Ambatisha nakala ya barua yao, na nakala ya jibu lako igongwe muhuri wa kupokelewa.

SWALI: Tangazo la nyumba ya kupanga hapa Nakuru linasema kwamba nyumba hiyo "overlooks the lake". Mwenzangu anashikilia kuwa maana yake ni nyumba ambayo ziwa halionekani. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Milimani, Nakuru

JIBU: Si mwenzako. "Overlook" ikitajwa kwa mtu humaanisha kutotambua jambo au kulifumbia macho, lakini ikitajwa kwa nyumba au kilima humaanisha kwamba kiko juu na kimeelekea mahali fulani. Ama "oversee" ya siku hizi imebaki na maana moja tu, kusimamia. Kama ziwa linaonekana kweli kutoka dirishani, hilo kalihakikishe mwenyewe kabla ya kulipa amana.