Msalaba wa kijani: kwa mnaoanza kusoma picha za ndege za Japani za 1945

Picha mtakayokutana nayo mapema ni ile ya Iejima, kisiwa kidogo jirani na Okinawa. Ndege mbili za Mitsubishi, nyeupe pe, zina misalaba ya kijani ubavuni na kwenye mabawa. Ni 19 Agosti 1945, siku nne baada ya Mfalme Hirohito kutangaza redioni kwamba Japani inasalimu amri. Zimetoka Kisarazu na ujumbe wa Jenerali Torashiro Kawabe, ambao hapo utapanda ndege ya Kimarekani kwenda Manila. Rangi hizo, alama ya kusalimu amri, ziliamriwa na makao makuu ya Jenerali MacArthur wa Marekani. Hata jina la kuziita redioni, Bataan, Wamarekani walilichagua makusudi. Bataan, huko Ufilipino, ndipo jeshi lao lilisalimu amri mwaka 1942.

Sasa msidhani kila ndege iliyosalimu amri ilikuwa nyeupe. Nyingi zilibaki na rangi zao za vita. Duara jekundu la Japani lilifunikwa kwa rangi nyeupe, msalaba ukachorwa juu yake, mara nyingi kwa brashi na kwa haraka. Kuzeni picha mtazame kingo: ukingo wa duara la zamani ukichungulia pembeni mwa ile nyeupe, mmeshajua alama ipi ilitangulia. Umbo ndilo la kuaminiwa, kwa sababu kwenye picha zisizo na rangi kijani na nyekundu zote huweza kutoka kijivu kizito.

Linalosumbua zaidi ni mahali. Huko Malaya, Waingereza walizijaribu ndege za Japani zikiwa na alama za Uingereza na herufi ATAIU-SEA (kikosi cha Washirika cha kuchunguza ndege za adui, Kusini-Mashariki mwa Asia) ubavuni, huku marubani wakiwa Wajapani. Kwa hiyo alama inawataja wenye mamlaka juu ya ndege. Rubani ni habari nyingine. Indochina, Wafaransa walirusha ndege za kivita za Kijapani aina ya Ki-43 zenye alama za Ufaransa. Na Yogyakarta, 27 Oktoba 1945, Agustinus Adisucipto alirusha ndege ya mafunzo ya Kijapani, Cureng, ikiwa na nyekundu na nyeupe za Indonesia. Hiyo mimi naipenda kuliko zote.

Ndege za makumbusho zitumieni kwa umbo tu. Nyingi zimepakwa rangi upya. Mkiandika maelezo ya picha, tangulizeni mahali na tarehe, alama zifuate. Tarehe ikikosekana, andikeni "baada ya Agosti 1945" mwishie hapo.