Ratiba Ni ya Mdogo: Kufundisha Watoto Nyumbani Ukiwa na Anayejifunza Kutembea

Akina mama wanaoanza kufundisha watoto nyumbani hapa Moshi huniuliza kwanza wanunue vitabu gani. Mimi huwarudishia swali: yule mdogo analala saa ngapi? Ukiwa na wa miaka minne, wa miaka sita, na mwingine wa mwaka na nusu anayezunguka nyumba nzima, anayepanga ratiba ni huyo wa mwisho. Wengi ninaowaona wakikata tamaa wanajua kufundisha vizuri tu. Kinachowachosha ni kubandika ukutani vipindi vya dakika arobaini kama vya shule, halafu kushinda wakigombana na mtoto asiyejua hata saa ni kitu gani.

Kuhusu sheria, nisikufiche. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba awe ameandikishwa shule na ahudhurie. Kwa hiyo nazungumzia wale ambao hawajafika hapo, ambao baadhi yetu hatutaki waamshwe saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, pamoja na kaka na dada zao wakirudi jioni au wakiwa likizo. Ukishaanza kupokea watoto wa majirani kwa malipo, umefungua kituo cha kulelea watoto, na kituo kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Kwa hiyo jirani akikwambia "na wangu mmoja tu, mama", usiitikie kwa kuona haya.

Asubuhi anza na mdogo. Akishakunywa uji, mpakate, mwimbie, mtoke nje mkaangalie kuku, robo saa hivi, na simu iwe mbali. Mtoto aliyepata zamu yake hukuachia nafasi. Wengi hufanya kinyume: wanamtuliza kwa katuni ili wafundishe wakubwa, na katuni zikimchosha anakuja kuvuta madaftari akiwa na hasira juu.

Akisinzia, kwa wengi ni saa nne au nne na nusu, acha vyombo na ufagio. Huo ndio muda wa kusoma na kuandika, kwa sababu ndiyo kazi inayotaka macho yako. Vyombo utaviosha hata akiwa macho, tena atafurahi kucheza na sufuria. Mtoto anayechanganya b na d anakuhitaji ukae ubavuni pake. Chukua mmoja mmoja, dakika kumi na tano kila mmoja, huku mwingine akichora. Kwa umri wa miaka minne hiyo inatosha kabisa. Ukimlazimisha zaidi ataanza kuuchukia mkeka wenyewe.

Katika kusoma, fundisha sauti kabla ya majina ya herufi. Mtoto aliyezoea kuimba "a, be, che, de" hukwama anapokutana na "baba", kwa sababu kichwani mwake ile herufi inaitwa "be". Anza na irabu tano, kisha konsonanti moja moja: ma, me, mi, mo, mu. Ukishampa m, b, k, d na t tayari anasoma mama, baba, kaka, dada, kiti; "meza" bado, maana z hajaifikia. Zile ngumu, ng', ny, dh, gh, mbw, zisubiri. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishaelewa jinsi silabi zinavyoungana, hukimbia. Ndiyo maana hata anayemwandalia mtoto shule ya Kiingereza, mimi humshauri aanze na Kiswahili. Kiingereza herufi moja ina sauti kibao, na mtoto mdogo anaweza kudhani hajui kusoma kumbe ni lugha inayomchezea.

Kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni ziliishia mdomoni mwa mdogo. Sasa tunaandika kwa chaki sakafuni. Saruji haichaniki. Mkubwa anaandika "ka" kubwa kama sinia, wa miaka minne anaifuata kwa kidole, na mdogo anapewa kitambaa kibichi afute. Anafuta kwa bidii, mara nyingine kabla hawajamaliza, na wenzake wanalazimika kuandika tena. Mazoezi hayo yamepatikana bila mtu kuambiwa "rudia".

Mdogo akiwa macho, fanyeni mambo asiyoweza kuyaharibu: hadithi, vitendawili, nyimbo, hesabu za vitu vikubwa. Visoda, maharage na karanga viweke mbali, vinamkaba mtoto upesi. Hesabieni magunzi ya mahindi. Kama una kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, au una ndugu mwenye nacho, mfunge mdogo mgongoni kwa kanga mwende. Wakubwa watenganishe ndizi za mshare za kupika na za kimalindi za kula zikiiva, wahesabu vichane kwenye mkungu, wadondoshe jani kavu kwenye mfereji waone maji yanaelekea wapi na kwa nini.

Mambo mawili ya hatari hayasubiri. Usiache ndoo au beseni la maji wazi ukiinamia daftari la mtu, maji kidogo tu yanatosha kumzamisha mtoto wa umri huo, na hatapiga kelele. Na baridi ya Juni na Julai isikushawishi kuingiza jiko la mkaa kwenye chumba mnachosomea. Hewa yake ya sumu haina harufu. Vaeni masweta.

Usimgeuze wa miaka sita kuwa yaya. Kama una dada wa kazi, mpe saa moja inayojulikana ya kukaa na mdogo, siyo "mwangalie kidogo" kila baada ya dakika tano, na saa hiyo usimtume dukani.

Vitabu sasa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na maktaba ya mkoa ipo mjini. Chukua cha awali na cha darasa la kwanza, ujue shule itamtarajia mtoto awe anajua nini.

Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Nenda mapema shule iliyo karibu na cheti cha kuzaliwa mkononi. Kama cheti hujakipata, anza kukifuatilia sasa, maana Desemba foleni ni ndefu na huyo mdogo utakuwa naye mgongoni.