Gari Jipya Lenye Kasoro: Haki ya Kulirudisha Huisha Ukiwa Bado Unasubiri

Miaka michache iliyopita nilinunua gari jipya kutoka kwa muuzaji mmoja wa hapa Mombasa, ambaye sitamtaja jina. Nilikuwa nimeweka akiba kwa muda mrefu na kuongezea mkopo wa benki, kwa sababu nilichoka na magari ya mtumba yanayoshushwa Kilindini, ambayo ukoo wetu umekuwa ukiyanunua na kuyatengeneza tangu nikiwa mdogo. Siku ya kumi na moja, nikimpeleka mama kliniki kutoka Likoni, gari lilikataa kushika gia tukiwa tunapanda feri. Magari ya nyuma yalipiga honi, abiria wa miguu wakatupita pande zote mbili, na vijana wanne wakalisukuma hadi ndani. Mama hakusema neno. Alishika tu mpini wa mlango mpaka tulipofika ng'ambo ya kisiwani.

Kwa muda wa miezi saba iliyofuata, gari hilo lilirudi kwenye gereji ya muuzaji mara tano. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba programu ya giaboksi imerekebishwa, mara ya pili kwamba mafuta yamebadilishwa, na mara ya tatu kwamba mafundi wameliendesha hadi Mtwapa na kurudi bila kuona kosa lolote. Meneja wa huduma alikuwa mtu mpole, akiniita "mzee wangu" na kuniomba nivute subira, nami nikaivuta. Sisi wa pwani tumelelewa kuamini kwamba anayegombana dukani amekosa adabu. Nilipofika kwa wakili hatimaye, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Ulimwandikia lini kwamba unalikataa gari?" Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya swali hilo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mtu anayenunua bidhaa kwa kutegemea maelezo yaliyotolewa kuihusu, kutoka kwa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Hilo ni sharti kuu la mkataba, hata kama halikuandikwa popote na hata kama muuzaji hakulitamka. Sharti kuu likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kudai pesa zake zote. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mnunuzi akishaikubali bidhaa, haki ya kuirudisha humtoka, na kinachobaki ni kudai fidia ya hasara aliyoipata. Kifungu cha 36 kinaeleza namna tatu za kukubali: kumwambia muuzaji kwamba umeikubali, kuitendea bidhaa jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelitenda, au kukaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba unaikataa. Mimi niliangukia katika namna hiyo ya tatu.

Muda wa kutosha ni upi? Sheria haikutaja siku, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Wakili wangu alinionyesha kesi ya Bernstein iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1987, ya mtu aliyenunua Nissan Laurel mpya ambayo injini yake ilikwama barabarani baada ya wiki tatu hivi, ikiwa imetembea maili 140 tu, ambazo ni kama kilomita 225. Tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya mafuta. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora unaostahili, lakini akaamua kwamba wiki hizo tatu zilitosha kumfanya mnunuzi ahesabiwe kuwa amelikubali, na hivyo alipata fidia bila haki ya kulirudisha. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila huweza kuutazama, na yeyote aliyeusoma hawezi tena kukaa miezi saba akisubiri kama nilivyokaa.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelirekebisha jambo hili kwa sheria. Uingereza iliongeza mwaka 1994 kwamba mnunuzi hahesabiwi kuwa amekubali bidhaa kwa sababu tu aliomba au aliridhia itengenezwe, kisha sheria yao ya mwaka 2015 ikaweka siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro. Nchini Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria mahsusi ya magari mapya yasiyotengenezeka, na majimbo mengine yakafuata. Sura ya 31 imejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na marekebisho hayo hayamo. Kwa hiyo mnunuzi wa Kenya analazimika kujilinda kwa kalamu yake mwenyewe.

Kasoro kubwa ikijitokeza, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, kwa barua au baruapepe, ukitaja tarehe, kilomita na jinsi gari lilivyofanya. Ukikubali litengenezwe, andika waziwazi kwamba unatoa nafasi hiyo bila kuacha haki yako ya kulikataa, na utaje tarehe ya mwisho unayoitarajia. Ukirudishiwa na kasoro ikajirudia, amua mapema. Kama unalikataa, sema "ninalikataa gari hili na ninadai kurudishiwa bei yake", kisha uache kuliendesha, kwa kuwa anayeendelea kulipeleka sokoni na msikitini kila siku anajionyesha kuwa bado ni mwenye gari. Sheria haikulazimishi ulirudishe mwenyewe hadi kwenye shorumu. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umelikataa. Aliyenunua kwa mkopo aijulishe benki kwa maandishi lakini asikatize malipo ya kila mwezi kwa hasira, maana deni la benki ni mkataba mwingine na linaweza kumletea madalali mlangoni wakati kesi ya gari haijasikizwa.

Kadi ya kazi ya gereji ni ushahidi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika ziara zangu tano, ni kadi mbili tu zilizobeba malalamiko yangu; nyingine tatu ziliandikwa "sevisi ya kawaida", nami nilitia saini bila kusoma kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwahi feri. Upande wa pili ulipodai kwamba gari lilikuja na tatizo mara mbili tu, sikuwa na cha kuwajibu isipokuwa kumbukumbu yangu. Siku hizi ninamwomba karani aandike maneno yangu kama nilivyoyasema, ninaipiga picha kadi, na sitii saini mpaka nione maneno hayo yapo.

Tafuta pia asesa huru, yaani mkaguzi wa magari wa aina inayotumiwa na kampuni za bima, aeleze kwa maandishi kwamba kasoro imetokana na utengenezaji wala si uendeshaji wako, na mjulishe muuzaji kabla ya ukaguzi ili asije akasema kwamba umelifungua gari na kuharibu waranti, yaani dhamana ya kiwanda.

Kuhusu waranti yenyewe, kuna kosa ambalo nimelisikia mara nyingi. Watu hudhani kwamba kijitabu cha waranti ndicho mwisho wa haki zao, na kwamba muuzaji akiwaambia "hilo ni jambo la kiwanda" basi yeye ametoka. Mkataba wa ununuzi uliufanya na muuzaji, naye anabaki kuwajibika kwako hata kama kasoro ilizaliwa ng'ambo. Waranti ni ahadi ya ziada. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 kinabatilisha neno lolote la mkataba linalojaribu kufuta masharti hayo ya ubora. Sheria hiyo pia inamruhusu mnunuzi aliyedanganywa, kwa mfano aliyeuziwa gari lililokwisha kugongwa na kupakwa rangi upya kama jipya, kuuvunja mkataba, mradi atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja. Na chini ya yote kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayotupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa madhara ya kasoro zake.

Mahali pa kudai panategemea kiasi. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo hapa Mombasa, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Haitatosha kwa bei nzima ya gari jipya, lakini inafaa sana kwa gharama za matengenezo, za kukokotwa na za kukodi gari jingine. Zaidi ya hapo kuna mahakama za mahakimu, ambako Hakimu Mkuu anaweza kusikiza madai ya hadi shilingi milioni 20. Mamlaka ya Ushindani, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa kibiashara, nayo hupokea malalamiko ya wanunuzi, hasa pale ambapo muuzaji amepotosha watu. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, lakini muda huo ni wa kwenda mahakamani kudai fidia. Haki ya kulirudisha gari haingoji kiasi hicho.

Mimi sikufika mahakamani. Baada ya barua ya wakili, muuzaji alikubali kuweka giaboksi mpya, kuongeza waranti na kunilipa sehemu ya gharama zangu. Gari linatembea vizuri sasa, lakini bei yangu sikurudishiwa, na naamini ningerudishiwa kama barua hiyo ingeandikwa wiki ileile ya feri.

Mwaka huu mpwa wangu alikwenda kuchukua gari lake jipya, nami nikafuatana naye. Tuliletewa fomu ya kupokea gari yenye maneno "nimelikagua na nimeridhika nalo". Kijana akanitazama. Nilimwomba ayakate maneno hayo kwa kalamu na aandike chini yake kwamba amelipokea gari bila kukagua injini, giaboksi wala mitambo mingine isiyoonekana kwa macho. Muuzaji aliisoma fomu mara mbili, akaenda kumuuliza meneja wake, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri.