Muulize Shangazi Fundi: Kikapu changu cha mayai ya Pasaka hakisimami

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Leipzig, Ujerumani. Chekechea ya mwanangu wa miaka minne wametuambia Pasaka kila mtoto aje na kikapu chake cha kuokotea mayai, huku wanayaficha kwenye nyasi na vichakani alafu watoto wanaachiwa wakayatafute. Madukani vipo vya plastiki ila nilitaka wangu aende na kitenge cha kwetu, mama alinitumia, kina kuku na vifaranga. Nimekishona jumamosi, kwa macho kizuri, lakini nikiweka mayai manne tu kinalala chini kama soksi, na mkono wa kushikia unavuta upande mmoja. Nimekosea wapi? Mtoto keshaanza kutamba kwa wenzie.
Mama Wawili, Leipzig

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, na hicho kitenge cha kuku umechagua vizuri sana, maana huko watoto wanaambiwa mayai analeta sungura, tena ni habari ya zamani, kuna daktari wa huko huko Ujerumani anaitwa Georg Franck von Franckenau aliandika tangu 1682 juu ya sungura anayeficha mayai kwenye majani. Sasa wako anaingia na kuku wake mkononi, mwache atambe tu.

Shida yako naijua hata bila kukiona. Hukuweka gamu, kile kitambaa kigumu cha kubandika ndani. Kitenge kipya kinadanganya jamani, kina wanga wa kiwandani, ukikishika unaona kigumu unasema hiki kitasimama chenyewe, kumbe ni pamba nyepesi na wanga ukishatoka hakuna kitu. Kwaiyo kabla hujakata chochote fua kitenge kwa maji ya vuguvugu, kianike, kipige pasi, kama ni kusinyaa kisinyae sasa hivi na sio siku umekifua kikapu kizima.

Gamu ninayosema ni ile ya kubandika kwa pasi, fundi wa kola na mikanda ya suruali wanaitumia kila siku. Hapo ulipo ingia duka la vitambaa uulize Vlieseline, omba H 250, hiyo ni ngumu kiasi, au S 320 kama unataka kikapu kisimame wima kabisa. Nusu mita inakutosha na inabaki.

Vipimo vyangu ni hivi. Kata vipande viwili vya kitenge, upana sentimita 32 urefu kwenda juu 24, na vingine viwili vya bitana, yaani kitambaa cha ndani, bitana ipunguze upana nusu sentimita isije ikajikunja ndani. Mkono kata kipande cha 40 kwa 10. Kitenge kikiwa na upana wa kawaida, kama sentimita 115 hivi, ukanda wa sentimita 25 tu unatoa kikapu cha nje pamoja na mkono, kwaiyo usiogope kukimaliza kitenge cha mama. Ila angalia vichwa vya kuku viangalie juu kwenye vipande vyote viwili kabla mkasi haujashuka!! Hapo wengi wanaharibu na kitambaa ukishakikata ndo basi.

Alafu pembe mbili za chini za kila kipande, nje na bitana, kata kiboksi cha 6 kwa 6. Hivyo viboksi ndo vinatengeneza kitako. Ukishona kila mahali kwa kuacha sentimita moja ya mshono unapata kikapu cha upana 18, kina cha mbele hadi nyuma 12, kimo 16, mtoto wa miaka minne anakibeba vizuri na mayai kumi yanakaa. Yai moja ni kama gramu 60, kwaiyo kumi ni zaidi ya nusu kilo, ndo maana nakazania gamu.

Gamu ikate ndogo kuliko kitenge, ipungue sentimita moja kila ukingo, yaani 30 kwa 22, viboksi vya pembeni vibaki 6 kwa 6. Sababu ni kwamba gamu ikiingia kwenye mshono pembe zinakuwa nene na sindano inavunjika. Upande wenye gundi unaujua kwa kidole, una vichembe, ule ndo unalalia mgongo wa kitenge. Weka kitambaa chenye unyevu juu, pasi ya moto ikandamize usiisugue, sekunde nane hadi kumi kila mahali, unanyanyua unahamia pengine. Ukimaliza iache imelala mezani dakika 20 ipoe. Najua una haraka, ila gundi ikiwa bado ya moto ukaikunja inaachia na inaweka mapovu, na mapovu hayo hayatoki tena.

Sasa kushona. Weka vipande vya nje uso kwa uso, shona pembeni kulia, kushoto, na chini, viboksi usiviguse kwanza. Kisha vuta kila kiboksi mpaka mshono wa pembeni ukutane na mshono wa chini, upande mmoja lalisha mshono kulia na mwingine kushoto visipandane, shona moja kwa moja. Bitana unafanya hivo hivo, ila chini kwenye bitana acha tundu la sentimita 10 bila kushona, utalihitaji kugeuzia. Kama umelisahau kimbia ukafumue mapema.

Mkono sasa, maana nao umekulalamikia. Bandika ukanda wa gamu katikati, kunja pande zote mbili ziingie ndani zikutane, kunja tena, unabaki na upana wa sentimita mbili na nusu, piga stichi kingo zote mbili. Kuvuta upande mmoja kunatokana na kuuweka kwa macho. Usikadirie, shika mishono ya pembeni, ndo katikati yako tayari, ncha ya mkono iwekwe juu ya mshono wenyewe, na ichomoze juu ya ukingo sentimita mbili ili mshono uikamate nyama ya kutosha. Piga bandi, ule mshono wa muda, ili isihame. Kikapu cha nje kikiwa kimegeuzwa uso nje, kitumbukize ndani ya bitana ambayo mgongo wake uko nje, nyuso zinaangaliana, mkono umelala katikati yao, zungusha mshono juu mduara mzima. Ukifika kwenye mkono nenda rudi nenda, mara tatu. Tumia sindano namba 16 (paketi inaandika 100/16) na hapo penye unene zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, usikanyage.

Geuza kupitia lile tundu, lifunge, sukuma bitana ndani, piga pasi ukingo wa juu na stichi moja ya juu ya kuzunguka. Mwisho kata kifuniko cha kopo la aiskrimu au plastiki yoyote bapa, 17 kwa 11, lalisha chini ndani bila kushona, siku ya kufua unakitoa. Hapo kitako hakilegei. Mabaki ya kitenge kata vipande vipande utandike, mayai yasigongane mtoto akikimbia, na atakimbia.

Shangazi habari, cherehani sina na sitaki kununua kwa kikapu kimoja. Mkono utafaa?
Msomaji wa Nakuru

Utafaa kabisa, na usikubali mtu akuambie hakitadumu. Uzi uwe imara, utie mara mbili, na ushone stichi ya kurudi nyuma, ile unapiga mbele unarudi nusu unatokea mbele tena, kila moja milimita mbili tatu. Stichi ya kwenda mbele tu inafunguka kikapu kikibebwa. Jioni mbili tatu umemaliza. Kwenye mkono wa kikapu na pembe za kitako pita mara mbili na uvae kastabini, gamu inachoma vidole.

Shikamoo Shangazi, nipo Uingereza, nina kanga ya bibi yangu nataka niishonee kikapu cha Pasaka cha binti yangu, jina, yale maneno ya kanga, lionekane. Inawezekana?
Mjukuu, Leicester

Marahaba mjukuu. Inawezekana, ila naomba ufikirie kabla. Kama ile doti bado iko pamoja, pande zote mbili, na bibi ndo aliyekuachia, mi nisingeikata. Nunua nyingine, ile ya bibi mfunike mtoto akilala. Kama imebaki upande mmoja na imeshachanika pindoni, hapo sawa, umeiokoa.

Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, hasa iliyofuliwa miaka, kwaiyo weka gamu nje na kwenye bitana pia. Jina usilazimishe likae mbele peke yake, sentimita 18 ni kidogo, utakata maneno katikati na kanga iliyokatwa maneno inauma kuitazama. Mzunguko wa kikapu changu ni sentimita 60. Pima jina kwa tepu, likiwa chini ya hapo liache lizunguke kikapu, kwa hiyo badala ya vipande viwili kata kimoja kirefu cha 62 kwa 24, mshono unakuwa mmoja tu, upeleke pembeni, mkono unaukalia juu. Viboksi hapo viwe vitatu: ncha mbili za chini kila moja 6 kwa 6, na katikati chini kimoja cha upana 10 kimo 6. Mtoto anakizungusha anasoma. Jina likae sentimita 8 au zaidi kutoka chini lisije likaingia kwenye kitako.

Shangazi, mwaka jana tulichemsha mayai na maganda ya vitunguu, yakatia rangi kikapu cheupe cha mtoto. Niyafanyeje mwaka huu?
Baba wa Minneapolis

Rangi ya vitunguu ni nzuri, kahawia inayoelekea wekundu, ila ni rangi kweli kweli, watu wametia nguo kwa maganda hayo hayo. Yai likitoka kwenye rangi lianike mpaka likauke kabisa, ikiwezekana usiku mzima kwenye friji, lifute kwa kitambaa kikavu ndo uguse mafuta kidogo ling'ae, na hayo mafuta pia ufute. Bitana chagua ya rangi ya kahawia au nyekundu, nyeupe achana nayo. Doa likiingia loweka saa hiyo hiyo maji ya baridi na sabuni, na kabla halijatoka usipige pasi, joto linaligandisha.

Na baba, mayai ya kuchemsha yasikae kikapuni nje ya friji zaidi ya saa mbili, hata yakipendeza vipi mezani. Kwa kuokota uwanjani jazeni yale ya plastiki yenye pipi, ya kuchemsha myalete wakati wa kula.