Krismasi ya kwanza Dar: kwa wadogo zangu mliotoka Songea na Mbinga

Wadogo zangu wa Kariakoo, hasa nyie mlioshuka stendi ya Mbezi mwaka huu na begi moja mkitokea Songea, Mbinga, Namtumbo na huko Nyasa, nina maneno na nyie. Wiki hii nimemsikia dogo wa frem ya jirani anaongea na mama yake kwenye simu, anamwambia "natoka kesho kutwa mama, mniwekee jogoo," na mimi najua kabisa hana tiketi, hajaomba ruhusa, na bosi wake ameshusha mzigo wa nguo za watoto mpaka mlango wa stoo haufungi. Nikamwita nikamwambia mpigie tena mama yako sasa hivi umwambie ukweli. Akanuna. Kila Desemba ni hivihivi, wanakuja wapya wanafanya yaleyale, na kina mama kule wanabaki wanaumia vilevile. Basi naandika, someni kwanza, kununa baadaye.

1. Ruhusa kwanza, ahadi ifuate

Mwezi wa kumi na mbili kwa mwenye duka ndo mavuno yake. Wateja wa mikoani wanafunga mizigo tangu asubuhi, mawinga, wale wanaotafutia maduka wateja, hawakai chini, tarehe 24 yenyewe watu wanauza mpaka usiku wa manane. Ukienda tarehe 18 kumwambia bosi "naomba niende nyumbani" unamweka pabaya yeye na wewe mwenyewe. Sema mwezi wa tisa au wa kumi, mkubaliane unatoka lini, unarudi lini, nani anashika nafasi yako. Wachaga nchi nzima inawajua kwa safari ya Moshi, ila hamuangalii wanavyojipanga, mwenzako ameshapanga tangu Septemba nani anabaki dukani.

Na bosi akikataa, amekataa. Piga simu nyumbani siku hiyohiyo. Hapa nawasihi kabisa, na nitawaambia kwa nini ingawa si kitu ninachopenda kukisema.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nauza vyombo kwa mama mmoja, masufuria na mahotipoti. Enzi hizo stendi ni Ubungo na basi halitembei usiku, unatoka Dar alfajiri unaingia Songea usiku, unalala, asubuhi unatafuta gari la Mbinga na lami ilikuwa bado. Mama yangu nilishamwambia tangu mwezi wa kumi na moja kwamba nakuja. Akawaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani, akamwambia shangazi, kila mtu alijua binti wa Dar anakuja. Bosi alishasema mapema kabisa kwamba hakuna mtu kuondoka kabla ya tarehe 26. Nilimsikia vizuri. Ila kila mama akipiga nashindwa kulitamka, nikawa najiambia labda atabadilika, labda mzigo utaisha.

Tarehe 23 jioni mama akapiga, umefika wapi mwanangu? Nikasema tuko Makambako. Nimekaa kwenye ngazi ya duka nafunga masufuria kwa kamba, nasema Makambako. Kesho yake asubuhi akapiga tena, nikasema nimeamkia Songea, naenda kutafuta gari. Baada ya hapo nikazima simu, kwa sababu sikuwa na mji mwingine wa kumtajia.

Baba alitoka kijijini kwetu, kule juu Umatengo, akashuka mpaka stendi ya Mbinga na mtoto wa kaka yangu ambaye alikuwa aje kunibebea begi. Mvua inanyesha. Wakapokea gari la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Simu yangu haipatikani. Sasa fikirieni wenyewe, mtu amesema asubuhi yuko Songea, barabara ni tope, kona zile mnazijua, gari halijafika na simu imezimwa. Baba akalala kwa ndugu palepale mjini, na Krismasi asubuhi, wakati watu wanaenda misa, yeye anazunguka kwa madereva anauliza kama kuna gari limeanguka. Nyumbani mama hakwenda kanisani. Kina mama wa jumuiya walikuja kukaa naye, wamekaa chini kwenye mkeka kama wanavyokaa kwenye msiba, na jogoo aliyechinjwa hajaguswa.

Nimewasha simu jioni ya tarehe 25. Mama alipokea akaniuliza neno moja tu, "uko hai?" Nikasema ndiyo. Akakata, akalia kule na mimi nikalia huku. Hakuna aliyenigombeza, hata baba. Ila miaka mingi baadaye, kila nikisema nimepanda basi, baba alikuwa ananiambia nipe kondakta niongee naye. Anamsikia kondakta, anasema haya, anakata. Alifanya hivyo mpaka anafariki. Kwa hiyo ukiniona nakufokea kwenye simu yako na mama yako, vumilia, mimi najua kinachoendelea upande wa pili.

2. Tiketi

Kata mapema, tiketi ya mtandao yenye jina lako na namba ya siti, usimpe hela mpiga debe yeyote pale Mbezi anayekuambia nafasi ipo nyuma. Nauli elekezi LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa mabasi, wanaitangaza, ijue. Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku kwa hiyo machaguo yapo mengi kuliko sisi tulivyokuwa, na zile gari zinazopewa vibali vya muda mwisho wa mwaka zinasaidia ukikosa, ila angalia gari lenyewe kabla hujakaa, safari ina mlima wa Kitonga na kona zake ndani yake. Kuna wanaopita njia ya Lindi, Masasi, Tunduru, nzuri tu, lakini uliza kwanza hali ya barabara pale Somanga, maana Mei 2024 baada ya kile kimbunga Hidaya maji yalikata barabara watu wakakaa.

3. Hela ya nyumbani

Tuma kabla ya tarehe 20, weka na ya kutolea. Tarehe 24 wakala wa kijijini hana keshi, mama atatembea kilomita zake atarudi na meseji tu kwenye simu.

Na muulize anataka nini kabla hujanunua vitenge. Krismasi kwetu inaangukia kwenye mvua, mahindi yapo shambani, na mtu mzima wa Mbinga mwezi huo anawaza mbolea ya kukuzia. Namba yake ya ruzuku anayo, anachokosa ni hela ya kwenda kuchukua mfuko. Mimi nilipoanza kutuma hela ya urea badala ya makorokoro, mama alinishukuru mpaka mwezi wa nne.

4. Umebaki Dar, sasa usilale

Hili linaniuma sana. Kijana anafunga duka usiku wa tarehe 24, anaenda Mbagala au Gongo la Mboto, anafunga mlango, analala mpaka tarehe 26 asubuhi. Anasema mbona hakuna aliyenialika. Hakuna aliyekualika kwa sababu kila mtu anadhani umeenda kwenu! Mji unapungua watu, waliobaki hawajui kama upo. Jitokeze wewe. Changeni, watu watano, sita, mpike.

Ila kupika Dar kuna adabu yake na hapa wageni mnakosea mno. Kwetu Krismasi ni nguruwe, kijiji kizima ni Wakatoliki, hakuna anayeuliza. Huku unakaa nyumba ya kupanga, uwani mmoja, jiko moja la mkaa linazunguka, majirani nusu au zaidi ni Waislamu na ndo haohao waliokuletea sahani ya pilau siku ya Idi bila kukuuliza dini yako. Kitimoto nenda kale kwenye sehemu yake, usikilete kwenye sufuria uliyoazima. Na kuku au mbuzi wa sikukuu mtafute Muislamu amchinje, ili sahani zikitoka watu wa kila mlango wale kwa amani. Mwaka mmoja vijana wetu walimchinja mbuzi wenyewe kwa furaha tu, wakapika pilau zuri kwelikweli, wakagawa nyumba nzima. Bibi wa chumba cha mwisho akapokea kwa heshima, akauliza taratibu, "nani kachinja wajukuu zangu?" Wakajitaja. Bibi akafunika sahani akawarudishia, akawaombea baraka, hakuna hata neno baya. Walinyong'onyea siku nzima. Walikuwa na roho nzuri, shida hakuna aliyewaambia, ndo maana nawaambia nyie. Yule bibi Pasaka iliyofuata alituitia mjukuu wake aje kuchinja.

Menyu yenyewe ya Dar ni pilau, kachumbari, soda. Sawa, pikeni. Ila pembeni wekeni na cha kwetu. Dagaa wa Nyasa waliokaushwa, uyoga, na masuku, yale matunda ya porini, maana Desemba ndo msimu wake, yamejaa kwenye ndoo barabarani kule. Agiza yaje kwa basi, mwambie anayetuma achague yasiyoiva sana na ayaweke kwenye kikapu, asiyafunge kwenye mfuko wa nailoni, joto la huku likiyakuta humo unapokea pombe. Mwaka juzi kuna binti wa Peramiho alitoa suku kwenye kikapu, akalibonyeza lile ganda gumu kwa vidole viwili, akalimeza na kokwa zake zote bila kuongea na mtu, halafu akachukua lingine. Alikuwa hajacheka tangu aje mjini. Alicheka.

5. Misa

Uliza parokia yako saa za mkesha, zinatofautiana, na ukichelewa kufunga duka bado kuna misa za asubuhi. Ukitoka Kariakoo, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini ni karibu, na nawapendekezea hasa nyie mnaojiona wageni. Kanisa lile walianza kulijenga mwaka 1897 wamisionari Wabenedikto, na mwaka uliofuata, 1898, walewale wakafika kwetu wakaanzisha misheni ya Peramiho, wakiongozwa na Cassian Spiss, ambaye baadaye akawa askofu wa huku Dar na akauawa 1905 kwenye vita vya Maji Maji. Njia kati ya Songea na lile kanisa watu wameitembea kabla yetu. Ingia, kaa mbele. Na jiunge na jumuiya ya mtaani kwako mapema, ukiumwa huku Dar wao ndo wanafika kabla ya ndugu.

6. Ya mwisho mwisho

Kodi ya miezi sita inakuja Januari na ada za wadogo zako pia, toa hiyo hela pembeni kabla hujanunua hata soda moja.

Picha ya sikukuu mtumie mama, piga na simu, mpe na mwenzako ambaye wazazi wake hawapo aongee naye. Mtaombewa wote.

Na wewe dogo wa frem ya jirani, najua utasoma hii, kama bado hujampigia pita dukani kwangu, tutampigia pamoja nimweleze mimi kama dada yako kwamba tarehe 26 jioni utapanda gari, tiketi nimeshakuulizia na siti ipo. Wengine mnaobaki niambieni mko wangapi kabla ya tarehe 15, kikapu cha masuku kinapakiwa Songea na natakiwa kusema kiwe na ukubwa gani.